Rundo la Karoti Msituni: Ubishi wa Chambo cha Kulungu Umeanzia Pabaya

Kuanzia mwishoni mwa Septemba, msafiri anayepita vijijini katika jimbo la Michigan, nchini Marekani, huona kando ya vituo vya mafuta magunia ya karoti, bitiruti na mahindi yaliyopangwa hadi kimo cha mtu. Nilipoyaona kwa mara ya kwanza nilidhani ni ya farasi. Muuzaji aliniambia bila kusita kwamba ni ya kulungu. Msimu wa kuwinda kwa bunduki hufunguliwa huko tarehe 15 Novemba kila mwaka, na wiki chache kabla ya siku hiyo biashara ya magunia hayo hushika kasi. Jambo la kushangaza ni kwamba katika Rasi ya Chini, yaani sehemu ya kusini ya jimbo hilo wanakoishi watu wengi zaidi, kuyauza ni halali, kuyanunua ni halali, lakini kuyamwaga msituni ili kumvuta kulungu ni kosa kisheria tangu tarehe 31 Januari 2019. Kila msimu ukikaribia ubishi hufufuka upya: wapo wanaotaka marufuku iondolewe, wapo wanaotaka ikazwe, na wengi wanawinda juu ya chambo hivyo hivyo wakijua kwamba askari wa wanyamapori ni wachache na misitu ni mikubwa.

Ubishi huu huendeshwa kana kwamba ni ubishi wa uungwana. Upande mmoja husema kwamba mtu anayekaa juu ya dungu akingoja mnyama aje kula anachinja, wala hawindi. Upande wa pili hujibu kwamba mtu na shamba lake, na kwamba serikali haina haki ya kumpangia namna ya kutafuta kitoweo. Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba pande zote mbili zinabishania lililo dogo. Uzito wa suala la chambo uko katika hatari ambayo rundo la chakula huwabebesha wanyama wasiopigwa risasi, wafugaji wa jirani, na wawindaji wa miaka ijayo ambao hawakuulizwa. Tukilitazama hivyo, marufuku ina msingi imara kuliko hata watetezi wake wanavyoueleza, na kasoro yake kubwa ni kwamba katika majimbo mengi huja baada ya madhara kuingia.

Kwanza jina. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kulungu ni mnyama wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni. Hapa nalitumia jina hilo, kama wafasiri wengi walivyofanya, kwa mnyama wa jamii nyingine kabisa: kulungu wa Amerika mwenye mkia mweupe kwa chini, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Ni mnyama aliyefanikiwa mno. Ameenea kutoka misitu ya Kanada hadi pembezoni mwa miji ya kusini, na magari humgonga zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka katika Marekani nzima. Uwindaji wake ndio njia kuu ya kumpunguza, na fedha za leseni, pamoja na kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwenye uhifadhi na sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya kazi za uhifadhi katika majimbo. Kwa hiyo anayelaani uwindaji wenyewe hayumo katika mjadala huu. Wanaobishana hapa ni wawindaji kwa wawindaji.

Chambo nacho kina sura nyingi. Katika Rasi ya Juu ya Michigan, ambako sehemu kubwa bado inakiruhusu, kanuni inataka kisizidi galoni 2, karibu lita 7 na nusu, mahali pamoja, na kitawanywe katika eneo la futi 10 kwa 10. Katika Texas, ambako ardhi nyingi mno ni mali ya watu binafsi, kinaruhusiwa bila ukomo wa namna hiyo, na mashine zenye saa humwaga mahindi alfajiri na jioni mwaka mzima. Alabama ilianzisha mwaka 2019 kibali maalumu cha kulipiwa kwa anayetaka kuwinda juu ya chambo katika ardhi binafsi. Minnesota, Illinois na Colorado zinakataza kabisa. Mtu anayevuka mpaka wa jimbo akiwa na bunduki ile ile na gunia lile lile anaweza kuwa mwindaji wa kawaida asubuhi na mhalifu mchana, na hali hiyo peke yake imewafanya wengi waamini kwamba sheria hizi ni za kubuni tu, zisizo na maana nyuma yake.

Maana ipo, nayo inaanzia kwenye magonjwa mawili. La kwanza ni kifua kikuu cha ng'ombe. Katikati ya miaka ya 1990 iligundulika kwamba kulungu wa kaskazini-mashariki mwa Rasi ya Chini ya Michigan walikuwa wakiambukizana ugonjwa huo wao kwa wao, jambo ambalo wataalamu wengi walikuwa wakiamini haliwezekani kwa wanyama wa porini wasio karibu na ng'ombe wagonjwa. Eneo hilo lilikuwa na vilabu vya uwindaji ambavyo kwa miongo mingi vilileta chakula kwa malori wakati wa baridi, na kulungu walikuwa wengi kuliko msitu unavyoweza kuwalisha. Mwaka 2000 serikali kuu iliiondolea Michigan hadhi ya kuwa jimbo lisilo na kifua kikuu cha ng'ombe, na wafugaji ambao hawakuwahi kumwaga hata karoti moja msituni wakalazimika kupimiwa mifugo yao, na waliokutwa na maambukizi wakapoteza makundi mazima. Naomba msomaji aishike picha hiyo ya mfugaji, kwa sababu yeye ndiye anayesahaulika kila mjadala unapogeuzwa kuwa wa mwindaji na dhamiri yake.

Ugonjwa wa pili ni mzito zaidi. Wamarekani huuita ugonjwa sugu wa kudhoofu. Ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa katika kituo cha utafiti huko Colorado, na mwaka 1978 ukatambuliwa kuwa wa jamii moja na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Hausababishwi na bakteria wala virusi. Chanzo chake ni prioni, protini iliyojikunja vibaya, ambayo hulazimisha protini za kawaida za ubongo zijikunje kama yenyewe hadi ubongo utoboke kama sponji. Hauna tiba wala chanjo, na kila mnyama aliyeupata hufa. Mnyama anaweza kukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili akionekana mzima huku akitoa prioni kupitia mate, mkojo na kinyesi. Prioni hizo zikiingia kwenye udongo, hasa wenye mfinyanzi, hushikamana nao na kubaki na uwezo wa kuambukiza kwa miaka. Hadi sasa hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa, ingawa mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe. Umeshaonekana katika zaidi ya majimbo 30 ya nchi hiyo, katika Kanada, na tangu mwaka 2016 katika Norway, ambako serikali iliamua kuua kundi zima la zaidi ya paa 2,000 wa barafu (reindeer, jamaa wa kulungu wa nchi za baridi kali) katika bonde la milima la Nordfjella ili kujaribu kuuzima.

Michigan iliukuta mwaka 2008 katika shamba la kulungu wa kufugwa, ikapiga marufuku chambo katika Rasi ya Chini yote, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2011, kisha mwaka 2015 ikaukuta kwa kulungu wa porini. Marufuku ikarejea mwaka 2019. Kisha Bunge la jimbo likapitisha mswada wa kuifuta, na Gavana Gretchen Whitmer akaukataa kwa kura ya turufu mwaka 2020. Historia hiyo ya kwenda mbele na kurudi nyuma inaeleza kwa nini mwindaji wa kawaida hana imani: ameambiwa ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, ndani ya miaka 12, juu ya tendo ambalo baba yake alilifanya maisha yake yote bila kuulizwa.

Sasa tuzipime hoja. Hoja ya maadili dhidi ya chambo ina heshima yake. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, ndiyo iliyoeneza kanuni kwamba mwindaji asijipatie nafasi isiyo ya haki dhidi ya mnyama. Kanuni hiyo iliwasaidia wawindaji wa kizazi kile kujitofautisha na wachinjaji wa kibiashara waliokaribia kuwamaliza nyati wa Amerika na kulungu wenyewe. Lakini mstari wake hauko wazi kama inavyodhaniwa. Mwindaji anayeketi juu ya dungu kando ya shamba la mahindi ya mkulima anamngoja mnyama anayefuata chakula, sawa na yule wa karoti. Anayemwaga mkojo wa jike ili kumvuta dume anadanganya pua badala ya tumbo. Tena chambo kina faida moja ya kimaadili ambayo wapinzani wake hawaipi haki yake: mnyama aliyesimama akila kwa utulivu umbali wa hatua 20 hupigwa vizuri na kufa haraka, kuliko anayekimbia ambaye hujeruhiwa na kupotelea msituni. Msomaji wa Tanzania anaijua hoja hii kwa njia nyingine. Chui katika uwindaji wa kitalii huvutwa kwa nyama iliyotundikwa mtini, na moja ya sababu zinazotolewa ni kwamba mwindaji hupata muda wa kuhakikisha kwamba anayemlenga ni dume, kwa kuwa majike hayaruhusiwi. Mimi mwenyewe naona kuna upungufu fulani katika kumwita mnyama mezani ili umuue, lakini hisia yangu hiyo haitoshi kumpeleka mtu mahakamani, na serikali inayotunga sheria za jinai juu ya hisia za aina hiyo itakuwa na kazi isiyokwisha.

Upande wa wanaotetea chambo nao una hoja za kweli. Idadi ya wawindaji inapungua na wengi wao ni wazee. Mtu mwenye umri wa miaka 70 au mwenye ulemavu hawezi kumfuata mnyama milimani, na Michigan yenyewe imeliona hilo, kwa kuwa inawaruhusu wawindaji wenye ulemavu kutumia chambo katika siku zao maalumu. Mwenye ekari 10 tu hawezi kupanda mashamba ya kuvutia wanyama kama tajiri mwenye ekari 1,000, hivyo marufuku humwelemea mnyonge zaidi. Wapo wanaosema pia kwamba serikali yenyewe hutumia mahindi pale wadunguaji wake wanapotumwa kuwapunguza kulungu katika vitongoji vya miji, na ni kweli. Hata Arkansas, baada ya kuukuta ugonjwa, iliruhusu chambo katika miezi ya uwindaji ndani ya eneo lenye maambukizi ili wawindaji wapate wanyama wengi zaidi. Hoja hizi zinastahili kujibiwa kwa unyenyekevu, na jibu langu kwa hii ya mwisho ni kwamba chambo cha siku chache kinachoishia na mnyama kufa hapo hapo ni jambo tofauti na rundo linalojazwa tena kila Jumamosi kwa miezi mitatu, likilisha wanyama 40 ili mmoja apigwe.

Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba kulungu hugusana pua kwa pua hata bila chambo, kwa hiyo rundo la karoti haliongezi kitu, na kwamba shamba lililopandwa klova, yaani majani ya malisho, au mahindi ni chambo pia. Anayesema hivyo hajawatazama wanyama hao wakiishi. Kulungu wa mkia mweupe huishi kwa familia za kike: jike, binti zake na watoto wao, wakiwa na eneo lao na wakiepuka familia nyingine kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wanagusana, naam, lakini wanagusana ndani ya ukoo. Rundo la chakula huvunja mpaka huo, likawakusanya wageni wasiojuana juu ya mita moja ya mraba, kila mmoja akitia mate pale alipotia mwenzake, na kinyesi kikianguka kando ya chakula usiku baada ya usiku. Shamba la ekari mbili humtaka mnyama atembee akichuma jani hapa na jani pale. Mmea ukishaliwa haurudishwi mahali pale pale kesho yake. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na hapa wasiokuwamo ni wengi: bata mzinga wa porini wanaodhurika na mahindi yenye sumukuvu, kulungu ambao matumbo yao yaliyozoea vijiti vya baridi huchachuka na kuwaua wanapojaa nafaka ghafla, na ng'ombe wa jirani anayelamba uzio ule ule.

Sheria, kwa bahati nzuri, ilikwisha kuutambua mpaka huo kati ya chakula kilichopandwa na chakula kilichomwagwa. Serikali kuu ya Marekani ilikataza kuwinda bata wanaohama juu ya chambo tangu mwaka 1935, na kwa miongo mingi mahakama na kanuni zimekuwa zikitofautisha nafaka iliyobaki shambani kutokana na kilimo cha kawaida na nafaka iliyoletwa kwa gunia. Tofauti hiyo imeishi kwa zaidi ya miaka 80 bila kuiporomosha biashara ya mashamba wala uwindaji wa bata. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilirekebisha pia kasoro moja kubwa: kabla yake mwindaji aliweza kuhukumiwa hata kama chambo kilimwagwa na mtu mwingine bila yeye kujua, na tangu hapo inabidi ionyeshwe kwamba alijua au alipaswa kujua. Wanaodai kwamba sheria ya chambo cha kulungu haiwezi kuandikwa kwa haki wangeusoma mfano huo kwanza.

Hoja iliyonisumbua mimi zaidi ni nyingine, nayo ni kwamba hakuna ushahidi wa wazi kwamba marufuku imeuzuia ugonjwa sugu wa kudhoofu popote ulipokwisha kuota mizizi. Katika baadhi ya maeneo ya kusini-magharibi mwa Wisconsin, ambako uligunduliwa mwaka 2002, sasa zaidi ya theluthi moja ya madume wakubwa wanaopimwa wanao, na chambo kimekatazwa huko kwa miaka mingi. Wapinzani wa marufuku huishika takwimu hii kwa mikono miwili. Lakini inasema nini hasa? Tuiweke kando ya mambo mawili. Kwa kifua kikuu, ambacho viini vyake havidumu kwenye udongo kama prioni, kupunguzwa kwa kulungu pamoja na marufuku ya chambo kulikwenda sambamba na kushuka kwa maambukizi katika kitovu cha ugonjwa huko Michigan, kutoka karibu asilimia 5 mwaka 1995 hadi takribani asilimia 2 katikati ya miaka ya 2000. La pili ni Arkansas. Jimbo hilo lilitangaza mnyama wake wa kwanza mwenye ugonjwa mwezi Februari 2016. Wiki chache baadaye maofisa walipopima kulungu 266 katika eneo hilo hilo, walikuta 62 wameambukizwa, yaani karibu mmoja kati ya kila wanne. Ugonjwa ulikuwa umekaa pale kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuuona.

Hapo ndipo sheria nyingi zinapokosea. Wisconsin hupiga marufuku chambo katika kaunti ambayo mnyama mgonjwa amepatikana na katika kaunti zilizo karibu, na sheria ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba marufuku hiyo imalizike baada ya miezi 36, au 24 kwa kaunti ya jirani, kama hakuna mgonjwa mwingine atakayepatikana. Kwa maneno mengine, kaunti inayopima wanyama wachache ndiyo yenye nafasi kubwa ya kurudishiwa chambo, na wakazi wake wanapata sababu ya kutopeleka vichwa vya kulungu maabara. Marufuku inageuka adhabu kwa anayetafuta ugonjwa. Georgia, ambako chambo kinaruhusiwa katika ardhi binafsi, ilitangaza kulungu wake wa kwanza mwenye ugonjwa huo Januari 2025, katika kaunti ya Lanier. Sidai kwamba chambo ndicho kilichoupeleka huko. Usafirishaji wa wanyama hai na wa mizoga umeuvusha ugonjwa huu umbali mkubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba mfano wa Arkansas unatutaka tukubali kuwa siku ya tangazo si siku ya mwanzo, na sheria inayongoja tangazo imekwisha kupoteza ile miaka ambayo marufuku ingefaa kuliko wakati mwingine wote.

Iwapo hoja hii ni sahihi, basi majimbo yenye sababu kubwa zaidi ya kukataza marundo ni yale ambayo bado hayajaona mgonjwa, na hayo ndiyo ambayo wananchi wake wana hamu ndogo zaidi ya kukatazwa. Marufuku hiyo ingepaswa kuwa ya jimbo zima, iguse kulisha kwa burudani nyuma ya nyumba sawa na chambo cha mwindaji, kwa kuwa prioni haiulizi nia ya aliyemwaga mahindi. Iache wazi nafasi ya wenye ulemavu kwa siku chache na kwa kiasi kidogo. Na imguse muuzaji pia. Haileti maana kumtoza faini mzee mmoja msituni huku gunia linalomshawishi likiuzwa kando ya barabara kuu.

Limebaki swali la nani aamue. Wapigakura wa Michigan walilijibu Novemba 1996, walipoipa Tume ya Maliasili ya jimbo mamlaka ya kupanga namna ya kuwinda kwa kufuata misingi ya sayansi. Siku hiyo hiyo walikataa pendekezo la kupiga marufuku chambo cha dubu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba walikuwa maadui wa chambo. Walichokataa ni kuamuliwa kwa hisia za kampeni. Mswada uliokataliwa na Gavana mwaka 2020 ulitaka kulirudisha jambo hilo mikononi mwa wanasiasa. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Michigan huchaguliwa kwa kipindi cha miaka miwili. Kulungu mchanga atakayekula juu ya rundo lenye prioni mwezi Novemba huu atapita misimu miwili ya baridi akiwa mnene na mwenye manyoya mazuri, na aliyepiga kura ya kuruhusu rundo hilo atakuwa amekwisha kuomba kura tena kabla ya mnyama huyo kuanza kukonda.